Mnara umejengwa nyuma ya nyumba na mimi ni mjamzito. Nihame?

Shikamoo Mwalimu,

Naomba unisaidie, maana nyumbani kwangu sasa hakukaliki. Naishi Naliendele hapa Mtwara na mume wangu, kwenye nyumba ndogo ya bati tuliyoijenga kwa fedha za korosho. Mwaka juzi jirani yetu wa nyuma alikodisha kipande cha kiwanja chake, kampuni ikasimamisha mnara wa simu. Kutoka mlango wangu wa uani mpaka kwenye uzio wa mnara ni hatua kama themanini tu. Chini ya mnara kuna jenereta. Umeme ukikatika linanguruma usiku kucha na moshi wake unaingia mpaka chumbani.

Mwaka jana mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi miwili na nusu. Mtaani wakasema ni mionzi ya mnara. Mama mkwe naye akasema hivyo hivyo, na jirani mmoja akaongeza kwamba hata miembe yake haikuzaa tangu mnara uwashwe. Sasa Mungu amenijalia tena, nina miezi saba, na maneno yameanza upya.

Mjomba wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu, amekuja na kauli moja: niende kijijini upande wa Nanyamba nikakae kwake mpaka nijifungue. Ametumiwa ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp unaosema Shirika la Afya Duniani limeshatangaza kuwa mionzi ya simu inaleta kansa. Kwa mjomba ni kuzuri, ila zahanati ni mwendo mrefu, na mtandao mpaka upande kilimani. Mume wangu hataki niende. Yeye amenunua stika ya shilingi elfu kumi na tano ya kubandika nyuma ya simu, muuzaji kamwambia inakata mionzi, na sasa anatafuta nyingine za madirishani. Wifi yangu naye kanikataza ultrasaundi kwa kuwa nayo ni mionzi. Mwezi uliopita kliniki waliniandikia, sikwenda.

Kusema kweli na mimi nimeanza kuamini. Wiki hizi mbili kichwa kinaniuma sana, nameza panadol hakiachi, na saa nyingine naona kama vimulimuli machoni. Miguu imevimba, viatu havinienei. Nikilala kwa dada yangu Mikindani naona nafuu kidogo. Simu yangu huwa naiweka kwenye sidiria mchana, usiku iko chini ya mto. Halafu mbele ya nyumba kuna transfoma. Mwalimu, ni mionzi? Nihame?

Mama mtarajiwa, Naliendele

* * *

Marahaba, mwanangu.

Habari ya mnara nitakujibu kwa kirefu, lakini kuna jambo kwenye barua yako ambalo haliwezi kungoja. Kichwa kinachouma wiki mbili bila kusikia dawa, vimulimuli machoni, miguu iliyovimba, na mimba ya miezi saba: hizo zikija pamoja ni dalili za hatari. Nenda kituo cha afya leo. Usingoje tarehe ya kliniki, wala usingoje ukoo wakae kikao. Mwambie mhudumu maneno yale yale uliyoniandikia mimi, naye atakupima presha na mkojo. Presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20 ya mimba, na protini ikaonekana kwenye mkojo, hiyo ndiyo hali inayotangulia kifafa cha mimba. Ikigunduliwa mapema ina dawa na ina uangalizi. Ikiachwa, inaweza kuondoka na mama na mtoto. Na kama kabla hujafika kichwa kitazidi, au macho yataona giza, au utasikia maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, au uso na mikono vitavimba, mumeo asingoje kukuche. Mwende hospitali ya Ligula moja kwa moja.

Inawezekana wakakuta presha iko sawa, na kichwa kinauma kwa malaria, au kwa upungufu wa damu, au kwa kukosa usingizi. Hayo nayo yanapimika na yanatibika. Hata nafuu unayoipata Mikindani naielewa: kule unalala bila ngurumo na bila moshi wa dizeli. Kinachonitia hofu ni kwamba watu wote wanaokuzunguka wana jibu tayari, nalo ni mnara. Jibu likishapatikana hakuna anayetafuta tena, na ugonjwa wenye dawa unakua huku watu wanautazama mnara.

Ultrasaundi kaipige. Wifi yako anakupenda, lakini hapo kakosea. Ile mashine hutumia sauti, sauti nyembamba kupita sikio la binadamu, na hurudisha mwangwi unaochorwa kuwa picha. Ndani yake hakuna mionzi ya aina yoyote. Eksirei ndiyo yenye mionzi, na ukiandikiwa eksirei mwambie mpigaji mapema kwamba una mimba ili aamue kama ni ya lazima na akukinge tumbo.

Kuhusu mimba iliyotangulia, pole sana, mwanangu. Wanawake wengi hubeba lawama ya jambo ambalo halikuwa mikononi mwao. Sehemu kubwa ya mimba zinazoharibika ndani ya miezi mitatu ya mwanzo huharibika kwa hitilafu ya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, iliyokuwapo tangu siku ya kutungwa. Malaria nayo huharibu mimba, na ndiyo maana kliniki wanakupa zile dawa za kukinga na wanasisitiza chandarua. Kwamba mnara uliwashwa mwaka mmoja na mimba ikaharibika mwaka uliofuata hakuthibitishi kwamba kimoja kimeleta kingine. Na ile miembe ya jirani, mwembe una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika unaofuata. Wakulima wa huku wanalijua hilo kabla minara haijafika.

Sasa tuje kwenye mionzi yenyewe.

Popote penye umeme kuna nyuga mbili, yaani maeneo ambayo nguvu ya umeme au ya sumaku inafika. Waya ukiwa na volti, hata kama hakuna kinachotumika, kuna uga wa umeme pembeni yake. Pasi uliyoichomeka ukutani bila kuiwasha tayari ina uga huo. Ukiiwasha, mkondo ukaanza kupita, unazaliwa uga wa pili, wa sumaku. Hans Christian Ørsted, mwalimu wa Denmark, ndiye aliyeonyesha mwaka 1820 kwamba waya wenye mkondo unaigeuza sindano ya dira. Uga wa umeme huzuiwa kirahisi na ukuta, mti, hata ngozi yako. Uga wa sumaku hupenya karibu kila kitu, lakini hufifia upesi ukisogea mbali na chombo. Umeme wetu wa majumbani hubadilisha mwelekeo kwa kasi ya hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kwa kasi ndogo hiyo nyuga hizo hubaki karibu na waya, hazisafiri kwenda mbali.

Kasi ikiwa kubwa sana, mamilioni ya mizunguko kwa sekunde, nyuga hizo mbili hushikana na kuruka hewani kama mawimbi ya sumakuumeme. James Clerk Maxwell aliyatabiri kwa hesabu katika miaka ya 1860, na Heinrich Hertz akayatoa maabara mwishoni mwa miaka ya 1880. Redio ni mawimbi hayo. Simu pia. Mwanga wa jua unaokuwezesha kusoma hapa ni mawimbi hayo hayo, na eksirei vilevile. Ukoo ni mmoja, tofauti ni kasi ya mtetemo, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua nini kinadhuru.

Nishati ya mawimbi hufika mwilini kwa vipande vidogo vidogo. Kadiri mtetemo unavyokuwa wa kasi, ndivyo kila kipande kinavyokuwa na nguvu. Kuanzia mwisho wa urujuanimno, mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, kwenda juu, kwenye eksirei na gama, kipande kimoja kinaweza kung'oa elektroni kwenye atomu na kukata uzi wa DNA. Hiyo inaitwa mionzi inayoayonisha, na hiyo ndiyo ya kuogopwa kwa kila dozi. Kipande cha wimbi la simu la megahezi 900, yaani mizunguko milioni 900 kwa sekunde, ni kidogo kuliko hicho kwa zaidi ya mara milioni moja. Hata vije vingi namna gani, hakuna kimoja chenye uwezo wa kukata DNA. Vikiwa vingi sana vinachoweza kufanya ni kupasha joto.

Na joto tunajua kulipima. Mwili wote ukinyonya wati 4 kwa kila kilo moja ya uzito, joto lake hupanda kwa takribani nyuzi moja. Hapo ndipo kamati ya kimataifa inayoshughulika na mionzi isiyoayonisha, ICNIRP, ilipoanzia. Kwa mfanyakazi wa minara waliigawa namba hiyo kwa kumi. Kwa raia wa kawaida waliigawa kwa hamsini, ikawa wati 0.08 kwa kilo, wakiwafikiria watoto, wazee na wagonjwa. Katika mwongozo wao wa mwaka 2020 waliandika pia kwamba mtoto aliye tumboni huhesabiwa kuwa raia, hata kama mama yake ni fundi wa minara. Kwa hiyo mwanao hajasahauliwa kwenye hesabu hizo.

Hebu tupige hesabu ya nyumba yako, maana hesabu inatuliza kuliko maneno. Chukua antena inayopewa wati 20. Kwa kuwa inakusanya nguvu yake upande mmoja, mtu aliyetazamana nayo uso kwa uso hupata sawa na mtu aliye mbele ya wati 1,000 zinazotawanyika kila upande. Hatua zako themanini ni kama mita 60. Kwa umbali huo zinabaki takribani wati 0.02 kwa kila mita ya mraba. Kikomo cha raia kwa mawimbi ya megahezi 900 ni wati 4.5 kwa mita ya mraba. Uko kwenye sehemu moja kati ya mia mbili ya kikomo. Zidisha kwa kumi kwa ajili ya antena nyingine zilizofungwa hapo, bado unabaki kwenye moja ya ishirini.

Tena hapo nimekuweka hewani, usawa wa antena. Wewe uko chini, na antena ya simu hurusha mawimbi kwa mlalo kwenda mbali, ikiinamisha kidogo tu, kama mtu aliyeshika kurunzi begani akimulika njia ya mbele: miguuni pake kuna giza. Juu ya hapo una bati, na bati hurudisha sehemu kubwa ya mawimbi hayo. Ndiyo maana mtandao ndani ya nyumba za bati unasumbua na watu hutoka nje kupiga simu.

Mahali pa hatari kwenye mnara papo, ni kule juu, mita chache mbele ya antena yenyewe. Huko kikomo kinaweza kuvukwa, na fundi anayepanda hutakiwa kuzima mitambo au kupunguza nguvu kabla ya kukaa mbele yake. Uzio umewekwa kwa ajili hiyo, na kwa ajili ya umeme ulioko chini. Watoto wa mtaani wakionekana kupanda au kuchezea humo ndani, hilo lisemeeni kwa sauti.

Simu yako ndiyo iko karibu nawe zaidi kuliko mnara. Simu ya GSM 900, yaani ya 2G inayotumia masafa ya megahezi 900, inaweza kufikia wati 2 kwa vipindi vifupi vifupi, wastani wake robo wati. Ni kidogo, lakini iko sikioni, haiko mita 60. Simu huongeza na kupunguza nguvu zake kufuatana na mtandao. Mnara ukiwa karibu, inashuka hadi sehemu chache tu kati ya elfu moja za wati. Mtandao ukiwa wa kubahatisha, inapanda hadi mwisho wa uwezo wake ili isikike. Sasa fikiria kule kwa mjomba, umepanda kilimani, simu iko sikioni inatafuta mnara ulio mbali. Kichwa chako kitapokea mawimbi mengi kuliko ukiwa Naliendele karibu na mnara. Bado utakuwa ndani ya kikomo, sikutishi, lakini kama lengo la kuhama ni kupunguza mionzi, safari hiyo itafanya kinyume chake.

Kukinga mwili na simu ni kazi nyepesi. Itoe kwenye sidiria, iweke mkobani. Kiwango cha mawimbi yanayoingia mwilini hupimwa kiwandani simu ikiwa imeachana na mwili kwa milimita chache, na kwenye sidiria hakuna nafasi hata hiyo. Mazungumzo marefu tumia spika au waya wa masikioni. Ukisogeza simu sentimita chache tu kutoka kichwani, kinachokufikia kinashuka sana. Mtandao ukiwa mbovu andika ujumbe. Usiku iweke mezani. Simu iliyotulia hutuma mawimbi kidogo mno, lakini iliyochomekwa chaji chini ya mto hupata joto, na moto wa godoro naujua unavyowaka. Ukitaka kujua kipimo cha simu yako, kwenye simu nyingi za kisasa ukibonyeza *#07# kinatokea. Kikomo cha kichwani kwa mwongozo wa ICNIRP ni wati 2 kwa kilo. Kama nyumbani kuna mtu mwenye kifaa cha kusukuma mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani, yeye simu asiiweke mfuko wa shati, iwe mbali na kifaa hicho kwa sentimita 15 au zaidi.

Stika sasa. Mwambie mumeo, kwa upole, kwamba elfu kumi na tano imekwenda. Aibandike halafu ajipigie. Simu ikiita, mawimbi yanapita, hakuna kilichokatwa. Na kama ingekuwapo stika inayozuia kweli, simu ingeona mtandao umedhoofika, nayo ingeongeza nguvu. Zile za madirishani asinunue kabisa. Watu wanaouza vitu hivi wanafuata palipo na mama mjamzito mwenye hofu, na mimi hilo linaniudhi sana, kwa sababu fedha hiyo ingelipa nauli ya kwenda hospitali.

Ujumbe alioupata mjomba una chembe ya ukweli, na ni vizuri umwambie hivyo ili asione anadharauliwa. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, IARC, iliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi linaloitwa 2B. Maana yake: kuna ushahidi mdogo, haujathibitika, tuendelee kuchunguza. Ushahidi wenyewe ulihusu watu wanaoongea sana na simu sikioni. Kwa watu wanaoishi karibu na minara waliona ushahidi hautoshi kusema lolote. Kwenye kundi hilo hilo la 2B imo dondoo ya jani zima la alovera. Tangu hapo uchunguzi umeendelea, na mwaka 2024 yalitoka mapitio makubwa yaliyoagizwa na Shirika hilo, yaliyokusanya tafiti 63 za tangu mwaka 1994 hadi 2022. Hayakukuta uhusiano kati ya kutumia simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia miaka kumi na zaidi. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp haukuifikia sehemu hiyo ya habari.

Taasisi hiyo hiyo mwaka 2012 iliupandisha moshi wa injini za dizeli hadi kundi la 1, kundi la vitu vilivyothibitika kabisa kuleta saratani. Kwa hiyo ukisimama uani kwako ukatazama kiwanja cha jirani, antena zilizoko juu ziko kundi la 2B, na jenereta lililoko chini, ambalo hakuna hata mmoja mtaani aliyelipigia kelele, linatoa moshi wa kundi la 1, nao unaingia chumbani kwa mjamzito. Hapo una malalamiko ya haki. Hamisha kitanda upande wa mbele ya nyumba kuanzia usiku huu, funga dirisha la nyuma jenereta likiwaka. Jiko la kuni nalo lihamie mahali penye hewa. Moshi wa jikoni unahusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo, na mjamzito anauvuta kila siku bila mtu kuitisha kikao.

Transfoma na nyaya. Umeme wa hezi 50 una viwango vyake: kwa raia, kilovolti 5 kwa mita kwa uga wa umeme, na mikrotesla 200 kwa uga wa sumaku. Uga wa transfoma ya nguzoni unapungua sana ndani ya mita chache. Wapo watafiti waliokuta kwamba watoto wanaoishi muda wote kwenye uga wa sumaku wa wastani wa zaidi ya mikrotesla 0.3 au 0.4 hupata saratani ya damu kwa kiwango cha juu kidogo. Sababu haijapatikana, na ndiyo iliyoufanya uga huo uwekwe nao kundi la 2B mwaka 2002. Mimi nasema nyumba isijengwe ndani ya mkuza wa laini kubwa, yaani ukanda ulioachwa wazi chini ya nyaya zake, na kitanda cha mtoto kisiegemee ukuta wenye mita na swichi kuu, kwa kuwa kukisogeza hakugharimu kitu.

Lakini kinachoua kwenye umeme ni mguso. Waya ulioanguka wakati wa masika, tawi la mkorosho lililogusa laini, mtu akalikata kwa panga bila kuita TANESCO, waya wa kuunga wa jirani uliofungwa kwa mfuko wa nailoni. Waya ukiwa chini kaa mbali nao mita kumi au zaidi, wazuie na wengine, uwaite wenyewe waje. Waambie na watoto wa jirani, maana wao ndio hukimbilia kwenda kuona.

Kuna mionzi mingine ya ukoo huu huu ambayo imethibitika kuleta saratani, nayo hatuiitii mkutano kwa kuwa tumezaliwa nayo: jua. Mtwara tuko nyuzi kumi kusini mwa Ikweta. Jua hupita juu ya utosi wetu Februari, na tena Oktoba, na Oktoba ndiyo korosho zimejaa uani zinaanikwa. Saa sita mchana jua la wazi hushusha karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na ndani yake kuna urujuanimno. Ngozi nyeusi inatukinga kwa sehemu kubwa. Watoto wenye ualbino hawana kinga hiyo, na wengi hupata saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Kama yuko mtoto wa namna hiyo katika ukoo wenu, mjomba amnunulie kofia pana na shati la mikono mirefu, asimtume kuanua korosho mchana, na amuulizie hospitalini mafuta ya kujikinga na jua. Kule Moshi yanatengenezwa kwa ajili yao. Akifanya hivyo atakuwa ameokoa mtu.

Kuhamia kijijini sikushauri. Mjamzito mwenye dalili ulizonazo anatakiwa kuwa karibu na hospitali yenye daktari, damu na chumba cha upasuaji, na wewe unazo hizo karibu. Najua kauli ya mjomba kwetu kusini haivukwi kirahisi. Mtoto huyo ni wa ukoo wake, na ana haki ya kuogopa kwa ajili yake. Usimpinge mbele ya watu, wala usimwachie mumeo abishane naye. Nenda mwenyewe, umsalimie, umwambie: "Mjomba, nimekwenda kupimwa, wameniambia nisiwe mbali na hospitali. Nakuomba wewe uje ukae kwetu siku za kujifungua zikikaribia." Ukimpa kazi ya kukulinda ataifanya, maana ndicho alichokuwa anakitafuta.

Ama mnara, msiuache bila kupimwa. Hesabu yangu ni ya mezani, na mtaa una haki ya kipimo cha kweli. Mwombe mwenyekiti wa mtaa na mtendaji waandike barua kwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, iliyoundwa kwa sheria namba 7 ya mwaka 2003 na yenye jukumu la kinga ya mionzi, waombe vipimo vichukuliwe mlangoni kwako, shuleni, na mahali watoto wanapochezea. Barua ya pili iende NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kuhusu moshi na kelele za jenereta, na humo tajeni saa linapowaka na upande ambao upepo unapeleka moshi. Nakala zote mbili zifike kwa kampuni yenye mnara. Majibu yakija, ombeni yaandikwe kwa wati kwa mita ya mraba na kikomo kiwekwe pembeni yake, kisha yabandikwe ofisi ya mtaa, ili mjomba, wifi na yule jirani wa miembe wajisomee wenyewe.